Mafungo ya mtu asiye na sauti

Niseme mapema nisije nikaonekana mtakatifu: sikwenda Ndanda, kwenye monasteri ya Wabenediktini kule kusini, kwa ajili ya roho. Nilikwenda kwa ajili ya koo.

Ninauza vitenge na khanga Kariakoo. Anayeijua Kariakoo anajua kwamba pale bidhaa haijiuzi, inauzwa na mdomo. "Karibu dada, pita ndani uangalie, kuangalia hakulipiwi." Duka la pili kutoka langu wamefunga spika yenye sauti ya kijana aliyerekodiwa, inarudia "buku tano, buku tano" tangu asubuhi hadi magharibi. Wa ng'ambo naye kaweka yake. Ukitaka kusikika, unapandisha. Nimepandisha kwa miaka. Mwanzoni mwa mwaka sauti ikaanza kukwaruza, nikasema mafua. Nikanywa tangawizi, nikatafuna karafuu, nikalamba asali na ndimu, na kesho yake nikapiga kelele vilevile. Ikafika mahali wateja wa simu wananiita kaka.

Daktari wa masikio, pua na koo alinipitishia kamera nyembamba puani, akanionyesha kwenye skrini. Kwenye nyuzi za sauti vimeota vinundu, kimoja huku, kimoja huku, vinatazamana. Akasema hayo ni maradhi ya walimu, waimbaji, wahubiri na watu wa kazi yako, na mara nyingi havihitaji kisu. Vinahitaji maji mengi na kunyamaza, halafu mtu afundishwe kusema upya bila kujikamua. "Na usinong'one," akaongeza, "maana kunong'ona nako kunazichosha nyuzi." Nilikuwa nimeshafungua mdomo ninong'one.

Nikamwandikia kwenye karatasi: Daktari, mimi niko Kariakoo. Akacheka mpaka akavua miwani.

Nilijaribu kunyamaza nyumbani kwanza. Tabata, nyumba yenye watoto, mume, mama mkwe na jumuiya ndogondogo kila Jumamosi asubuhi. Haiwezekani. Kwetu mtu asiyejibu hajanyamaza, amenuna. Mama mkwe alidhani nimegombana na mwanawe, akaitisha kikao. Mtoto wa mwisho akagundua kwamba mama hawezi kumwita kwa sauti, akawa anarudi kucheza saa anazotaka yeye. Mume wangu, nimshukuru, ndiye aliyesema, "Si uende kwa wale watawa? Wale kunyamaza ndiyo kazi yao."

Nilipomwandikia jirani yangu wa dukani kwamba ninakwenda mafungo peke yangu kwenye nyumba ya watawa, akasoma mara mbili. Ni mama wa Kiislamu, mtu mzima, anauza mabaibui, tumekaa ukuta kwa ukuta tangu nafungua. "Kumbe na nyie mna itikafu!" akasema. Akanieleza jinsi marehemu mumewe alivyokuwa akikaa msikitini kumi la mwisho la Ramadhani, hatoki, anapelekewa futari. Jioni akaniletea pakiti ya tende nikale huko. Wa jumuiya yangu waliniletea maswali.

Basi la kusini nililipanda Mbagala Rangi Tatu, bado giza. Kondakta akaniuliza ninashuka wapi, nikamwonyesha karatasi: NDANDA, HOSPITALI. Akaniona bubu na kiziwi kwa pamoja, akaanza kunipigia kelele sikioni. Gari zima likajua kuna mgonjwa siti ya dirishani.

Aliyekaa pembeni yangu alikuwa kijana wa mtaani kwetu kabisa, anauza mikanda ya suruali mkononi, anakwenda Masasi kumsaidia baba yake msimu wa korosho. Nilijua ni wa mtaani kwa sababu alinitambua yeye: "Wewe si mama wa vitenge? Leo umekuwaje?" Nikamwonyesha koo. Akasikitika kidogo, kisha akaanza kuzungumza, na hakuacha kuanzia Mkuranga mpaka Nangurukuru. Angezungumza na nani mwingine asiyeweza kumkatisha? Akanieleza korosho za baba zinavyopelekwa chama cha msingi, zinapimwa, zinaingia ghalani, mkulima anabaki na stakabadhi mkononi anasubiri mnada na fedha. Kuna mwaka inakwenda haraka, kuna mwaka mzee anasubiri mpaka anakopa sukari. Tulipovuka Rufiji kwenye daraja la Mkapa akanionyesha upande wa Ndundu, akasema kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003 watu walilala pale wakingoja pantoni, na yeye mama yake alimsimulia hivyo na hakuamini. Halafu, bila kubadili sauti, akasema hakuja Dar kutafuta maisha kama anavyowaambia watu. Alikimbia aibu ya kufeli.

Miaka yote ninampita kijana huyu pale kona. Nimemwuliza bei ya mkanda, nimemwambia asisimame mbele ya mlango wangu. Jambo hili asingenisimulia kama ningekuwa na sauti, maana ningelikatisha kwenye "aibu" nikamwambia asijali, Mungu yupo.

Mingoyo, pale Mnazi Mmoja, basi liliiacha barabara ya Mtwara likakata kwenda Masasi. Tukapita Nyangao, na baadaye ukuta wa kijani wa nyanda za juu za Makonde ukasogea upande wa kushoto. Ndanda iko chini yake.

Sasa, kama mtu anatarajia monasteri juu ya mlima, ukungu na kimya cha makaburini, asiende Ndanda. Hospitali yao kubwa iko palepale, barabara kuu inapita hapohapo, kuna shule, karakana, mashine za kuchapa vitabu, pikipiki, ndugu wa wagonjwa wanaopika chini ya miti. Nilishuka nikajiuliza kama nimetoka Kariakoo nikaingia Tandika.

Mlangoni nilipokelewa na bruda mzee. "Tumsifu Yesu Kristo!" Hapo ndipo nilipotaabika, kwa sababu ulimi ulishafika kwenye "Milele" kabla sijaumeza. Nikanyoosha karatasi yangu: Nimekatazwa na daktari kusema, nimekuja mafungo. Akaisoma taratibu, akainua macho. "Mama, wengine hapa tunahangaika miaka arobaini kufikia ulipofika wewe." Akabeba begi langu mwenyewe, nikimvuta nalo akikataa.

Chumba kilikuwa na kitanda, neti, meza, msalaba, na dirisha la wavu. Juu ya meza palikuwa na kijitabu cha Kanuni ya Mtakatifu Benedikto kwa Kiswahili, yaani taratibu alizowaandikia watawa wake, kona zimekunjwa na wageni walionitangulia. Hakuna runinga. Simu nilikuwa nimeizima nikiwa Nyangao, na niliishika mfukoni usiku ule zaidi ya mara ninazotaka kuzikubali.

Niliwaza kwamba mafungo ni mtu kukaa na mawazo yake. Watu hawa hawakuachi ukae na mawazo yako. Kengele inalia kabla hakujapambazuka, watu wanaingia kanisani wakiburuta kandambili, wanasimama pande mbili zinazotazamana. Na maneno ya kwanza yanayotoka vinywani mwao tangu usiku ni kumwomba Mungu awafungue midomo. Kila siku hivyo, na mimi pale nyuma midomo nimeifumba kwa cheti cha daktari. Siku ya kwanza nilitaka kucheka. Halafu zaburi zikaanza.

Upande wa kulia unasema mstari, wa kushoto unajibu. Katikati ya kila mstari kuna mahali wanasimama. Hawavuti pumzi tu wakaendelea. Wanasimama kweli, wote pamoja, unasikia feni, unasikia jogoo wa nyumba za nyuma, kisha nusu ya pili inakuja. Mimi ni mwanakwaya wa zamani, ninajua kusimama kwa kuhesabu mapigo. Pale hakuna anayehesabu. Mwanzoni palikuwa pananikera, kifua kinasukuma, unataka mtu aseme tu kile kilichobaki. Maana Kariakoo pakitokea upenyo kama ule katikati ya maneno ya mteja, mwenye duka anaingia nao: "Hiyo rangi imekupendeza, nikufungie?" Upenyo ni fedha. Watu hawa wanautengeneza kwa makusudi halafu hawauzi kitu ndani yake.

Benedikto aliagiza zaburi zote 150 zisaliwe ndani ya juma moja. Zimo za kushukuru, na zimo za mtu mwenye hasira anayemtaka Mungu avunje meno ya adui zake. Kama ningekuwa ninaimba ningezipita mbiombio zile mbaya. Kwa kuwa nilikuwa ninasikiliza tu, zilinifikia zote. Jioni moja ikasaliwa ile ambamo mtu anamwomba Bwana aweke mlinzi kinywani pake, bawabu mlangoni pa midomo yake. Bruda mzee, kutoka kwenye kiti chake, aligeuka akanitazama. Nakwambia alitabasamu. Wakati wa sala!

Chakula pia ni kimya, na mmoja anasoma kwa sauti wakati wengine wanakula. Ukitaka chumvi unaonyesha kwa mkono. Nilikula wali, maharage na mchicha nikisikiliza habari za mtu aliyekufa zamani sana, na nikagundua ninakula nusu ya ninachokula nyumbani. Baada ya sala ya mwisho, wakishamwimbia Bikira Maria, taa zinapunguzwa na hakuna anayesema neno mpaka kesho alfajiri. Hii nayo imo kwenye Kanuni, sura ya 42, na wanaishika. Saa hiyo tu, mahali pale pote, nilikuwa sawa na wengine.

Lakini mchana watu walizungumza nami, na hili sikulitegemea. Kuna benchi chini ya mwembe upande wa hospitali. Nilikuwa ninakaa pale baada ya misa, na kila aliyekaa pembeni, akishasoma karatasi yangu, alisimulia. Mama mmoja alikuwa anamuuguza mjukuu aliyelazwa. Alinieleza safari yao kutoka kijijini, jinsi alivyouza mbuzi, jinsi baba wa mtoto asivyopokea simu. Akanyamaza. Nikasubiri, si kwa uvumilivu, kwa kukosa la kufanya. Baada ya muda akasema, "Na mbuzi mwenyewe hakuwa wangu." Akainuka akaenda kumnywesha mtoto uji.

Bruda naye alinisimulia, akiwa anamwagilia miche. Alipojua ninasali Mtakatifu Yosefu pale mjini, akaweka ndoo chini. Kumbe kanisa lile la karibu na kivuko, ambalo nimeolewa ndani yake na sikuwahi kuuliza nani alipanga mawe yake, lilijengwa na Wabenediktini hawahawa, kati ya mwaka 1897 na 1902. Walianzia Pugu mwaka 1888. Januari 1889, vita ya Abushiri dhidi ya Wajerumani ikiwa imepamba moto, Pugu ikashambuliwa na watawa watatu wakauawa. Baadaye wakaja huku kusini, Lukuledi na Nyangao, na Maji Maji ilipofika mwaka 1905 misheni zote mbili zikachomwa, na askofu wao kutoka Dar es Salaam, Cassian Spiss, akauawa njiani pamoja na wenzake. Mwaka uliofuata ndipo wakaanza Ndanda. Nikaandika: Kwa nini walirudi? Akafikiri. "Swali zuri ni kwa nini walichomewa," akasema. "Watu waliona msalaba na bendera ya Mjerumani vimeshuka kwenye meli moja. Utawaambiaje kwamba ni vitu viwili?" Nilimheshimu kwa kusema hivyo akiwa amevaa kanzu ileile nyeusi. Mapadri wengi wangenipa habari za mashahidi tu.

Kijitabu kile nilikisoma usiku kwa tochi. Sehemu kubwa ni ratiba: nani alale wapi, nani asome mezani, aliyechelewa zaburi asimame wapi. Mzee Benedikto hakuwa na mashairi. Nikafika sura ya 57, inayohusu mafundi wa monasteri na kazi zao zinapouzwa. Inasema tamaa isiingie kwenye bei, na kwamba vitu vya monasteri viuzwe kwa bei ya chini kidogo kuliko wanayouza watu wa duniani. Niliisoma nimekaa kitandani, wavu wa neti umenigusa kichwani. Tangu karne ya sita kuna mtu amefikiria habari za bei! Na kabla yake, sura ya 31, mtunza ghala anaagizwa kwamba akiombwa kitu na hana, atoe walau neno jema. Mimi ambaye mteja akiondoka bila kununua ninamsindikiza na la kwangu, nilifunga kitabu nikalala.

Nimeulizwa na wengi namna ya kwenda, kwa hiyo nijibu hapa mara moja. Andika au piga simu mapema kwa padri au bruda anayeshughulikia wageni, usitokee tu, maana vyumba vinajaa. Wanawake wanapokelewa nyumba ya wageni. Ndani ya ua wa watawa huingii. Chukua sweta jepesi, tochi, kandambili zisizopiga kelele, na dawa zako. Gharama uliza hukohuko unapoandika, na uchangie, umeme na maharage vinalipiwa. Ukitaka padri wa kukusikiliza, omba, hawakufuati. Na usiende na kompyuta ukasema utamalizia kazi kidogo. Nilimwona mgeni mmoja wa hivyo, alikuwa anazunguka na simu hewani kutafuta mtandao wakati wa masifu ya jioni, nikamwonea huruma na wivu kwa pamoja.

Daktari amenitazama tena. Vinundu vimepungua, havijaisha. Ameniruhusu kusema kidogo asubuhi, na mtaalamu ananifundisha kutoa sauti kutoka tumboni. Dukani nimeandika bei kwenye kadi, nikazibandika kwenye kila kitenge, bei ya haki bila nyongeza ya kupatania. Limekuwa balaa. Mteja wa Kariakoo asipopatana hajisikii amenunua. Wanasoma kadi, wanadhani nimepandisha, wanaondoka.

Juzi akaja mteja wangu wa siku nyingi, mama wa Mbezi anayevisha wasimamizi wa harusi. Akachagua cha bluu chenye ndege, kadi inasema 28,000. "Nipe kwa ishirini." Nikamtazama, nikamwonyesha koo. "Haya, ishirini na mbili, mimi si wa leo." Kimya. Mimi nilikuwa ninatafuta kalamu, wallahi, sikuwa ninafanya ujanja wowote. "Ishirini na tano basi, usininunie." Kalamu imeanguka chini ya meza, nimeinama. "Jamani! Chukua ishirini na nane yako!"

Nikainuka na kalamu mkononi, fedha imeshawekwa juu ya kitambaa. Jirani yangu wa mabaibui, aliyekuwa anachungulia, amejishika mbavu. Nikahesabu, nikamrudishia mama wa Mbezi elfu mbili, akaondoka haelewi, anasema watawa wameniharibu. Binti wa dukani haelewi zaidi. Anasema nikiendelea na mambo ya sura ya 57, kodi ya mwezi huu tumpelekee mwenye nyumba zaburi.